Mume Wangu Alipoacha Barabara

Mume wangu alirudi nyumbani siku ya Alhamisi, mchana, nikiwa nimeuma pini mdomoni na nusu ya sketi ya shule iko chini ya sindano. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi kabla sijamwona. Viatu vile nilivijua. Kilichonishtua ni kwamba vilikuwa vinapanda polepole, na kila baada ya hatua chache vinasimama. Alipofika mlangoni alikuwa amebeba godoro jembamba lililokunjwa na kufungwa kamba, meko yake ndogo ya gesi mkono wa pili, na blanketi begani. Vitu hivyo havikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Vilikuwa vitu vya lori.

"Wamenishusha," akasema.

Nikatoa pini mdomoni nikaziweka kwenye kisahani. "Wamekushusha vipi?"

"Macho."

Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki cha wateja, akanieleza. Kampuni aliyokuwa akiiendeshea ilikuwa imewapeleka madereva wote kupimwa. Daktari akamwambia ana presha ya macho, kwamba ilianza kitambo bila kuuma, na kwamba imekuwa ikila uwezo wa kuona kutoka pembeni kuja katikati. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya kudondosha ya kulinda kilichobaki, na hiyo ataitumia maisha yake yote. Lakini usukani, basi.

"Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba," akasema, akaunda duara kwa vidole akaliweka jichoni. "Wewe hapo nakuona vizuri. Hiyo cherehani siioni mpaka nigeuke."

Nilisema maneno ambayo watu husema. Nilimwambia Mungu yupo, nikamwambia afadhali wamejua kabla ya ajali, nikampa chai. Kisha nikasimama dirishani nikijifanya naangalia kama nguo zimekauka, na nguo zilikuwa juu kwenye paa, hazionekani kutoka pale. Kuna kitu kilikuwa kinakimbia ndani ya kifua changu na sikujua kinakimbilia wapi.

Yeye ni mtu wa Bungoma na mimi ni mtu wa Murang'a. Tulikutana kanisani, hapa hapa Eastlands, tukiwa vijana, na kwa kuwa mama yangu hakuelewa lugha yake wala mama yake hakuelewa yangu, nyumba yetu ikawa nyumba ya Kiswahili. Alianza kuendesha lori binti yetu akiwa bado ananyonya. Mombasa, Nairobi, Malaba, Kampala, halafu arudi. Ndoa yetu ikawa ya kufika na kuondoka. Akipiga simu kwamba yuko Mlolongo, karibu kuingia mjini, nilianza kupika. Kuku anachinjwa, chapati zinasukumwa, mtoto anaogeshwa, shuka zinabadilishwa. Anakaa siku mbili, anatengeneza mfereji unaovuja, tunaenda kanisani pamoja kama Jumapili imemkuta, kisha alfajiri moja nasikia zipu ya begi na nyumba inabaki na mimi.

Nilikuwa nikilalamika. Wanawake wa kikundi chetu cha maombi wananijua. Kila tulipoulizwa mahitaji yetu, langu lilikuwa lile lile, mume wangu aache barabara. Kila nikisikia habari ya ajali huko Salgaa au Mtito Andei niliacha kula mpaka apige simu. Kwa hiyo hakuna mtu angeweza kuniambia, wala mimi mwenyewe sikujua, kwamba katika zile siku za kutokuwepo kwake nilikuwa nimejijengea maisha. Nililala katikati ya kitanda. Nikimaliza kushona nilizima redio, nikakaa tu, nikisikiliza majirani wakibishana kuhusu zamu ya kufua. Chakula changu cha jioni kilikuwa chai na kiazi kitamu, nikiwa nimesimama, na hakuna wa kuniuliza mbona sijapika. Binti yetu alipohamia Pipeline kuwa karibu na kazi, nilidhani nitalia. Nililia Jumamosi. Jumapili nikaihamisha cherehani kutoka chumbani, nikaiweka sebuleni penye mwanga, nikaona nyumba imenienea vizuri kama nguo niliyojipimia mwenyewe.

Sasa alikuwepo.

Aliamka alfajiri, saa ya madereva, akawasha meko yake ingawa jiko letu lipo. Alichemsha chai nzito, akaitia kwenye chupa, akaibeba ile chupa kutoka sebuleni hadi chumbani na kurudi, kana kwamba kuna mahali anaenda. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Alikuwa akifika mwisho wa nyumba, anageuka, anafika mwisho tena. Aliufunga mtungi wa gesi kwa kamba kwenye mguu wa meza. Akafunga na ndoo ya maji. Sahani alizipanga kabatini zikiwa zimebanana, na vitambaa katikati zisigongane.

"Zitagongana na nini, Mzee?" nikamuuliza. "Nyumba haiendi mahali."

Akaniangalia, akazitoa zote, akazipanga upya vile vile.

Vikombe viliisha. Chochote kilichokaa ukingoni mwa meza, upande ambao macho yake hayakufika, kilianguka. Mkasi wangu ulianguka, chai ya wateja ilianguka, siku moja aliangusha pasi ya moto ikanikosa mguu. Hakusema pole. Alikasirika, akauliza ni nani ameiweka pale. Mimi nikajibu ni mimi, hapo ndipo pamekuwa pahali pake miaka yote, na baada ya hapo hatukusemezana mpaka giza likaingia.

Lori likipita huko Spine Road aliacha kutafuna. Nilimwona akisikiliza, mkono na ugali ukiwa hewani, mpaka ule mngurumo uishe. Kisha anaendelea kula, lakini amekwisha kuondoka.

Asubuhi moja alisema anaenda kutembea. Nilifurahi kuliko inavyofaa. Haikupita muda nikasikia sauti ya mwanamke anayeuza mboga chini ya jengo letu ikiniita kutoka ngazini. Alikuwa amemshika mume wangu mkono. Suruali yake ilikuwa na vumbi upande mzima.

"Bodaboda ilitoka kando," yule mama akasema. "Hakuiona kabisa, fundi. Imemgusa tu, lakini Mungu ni mkubwa."

"Niachie mkono," mume wangu akamwambia. "Mimi si mtoto."

Yule mama akamwachia, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza kuliko bodaboda. Hakutoka tena kwa siku nyingi. Akawa anakaa kitandani, kwenye ukingo, miguu ikiwa chini na viatu amevaa, kama mtu anayengoja kuitwa.

Basi nikaanza kutoka mimi. Nilisema naenda Eastleigh kutafuta vifungo, na vifungo ninavyo. Nilisema kuna mteja Donholm anataka kupimwa nyumbani, nikatembea hadi Donholm, nikazunguka kando ya Outer Ring nikitazama fanicha zilizowekwa nje, nikarudi. Miguu yangu haikutaka kusimama. Nikiketi kwenye cherehani nilisikia pumzi yake nyuma yangu, na mshono ulipinda. Mimi niliyekuwa nikishona sare za shule nzima bila kufumua, nikawa nafumua kila jioni.

Kanisani walinipongeza. Mmoja baada ya mwingine walikuja kunishika mkono: Mungu amekurudishia mzee wako, maombi yako yamejibiwa. Nikasema amina. Nilikuwa naona haya kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Ningewaambia nini? Kwamba nina msiba na hakuna aliyekufa? Kwamba mtu niliyemlilia Mungu anirudishie sasa yuko kitandani kwangu, na mimi namtafuta yule mwanamke aliyekuwa akilala katikati ya kitanda hicho?

Siku moja nilienda Pipeline kwa binti yetu bila kumwarifu. Anakaa gorofa ya juu, na jua haliingii kwa sababu jengo la pili limesimama karibu kiasi kwamba unaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Nilimkuta amepumzika. Nikaosha vyombo vyake, nikavianika, nikaanza kukunja nguo, nikaenda kufagia koridoni.

"Mum," akasema, "mbona hukai? Kuna nini nyumbani?"

"Baba yako yuko."

"Yuko na nini?"

"Yuko tu."

Akacheka. Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akaniondolea ufagio mkononi, akanikalisha kitandani kwake, akakaa kando yangu.

"Si nyinyi mlikuwa mnapendana sana?" akauliza. "Mimi nikiwa mdogo nilikuwa naona siku akija ni kama Krismasi."

"Ndiyo," nikamjibu. "Sasa fikiria Krismasi kila siku. Ukiamka ni Krismasi, ukilala ni Krismasi, na Krismasi yenyewe imenuna."

Akacheka tena, nami nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakuishia kwenye kicheko.  Binti yangu aliniwekea mkono mgongoni akaniacha nilie. Nilipomaliza akaniambia, "Lakini Mum, hata yeye hajazoea. Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumuuliza. Nikafungua mlango, na nyumba ilikuwa kimya. Niliketi kwenye kiti changu. Kwa muda mfupi, labda muda wa kuvua viatu tu, mwili wangu wote ulilegea, mabega yakashuka, nikasikia majirani, nikasikia mfereji wa chini ukijaza ndoo ya mtu. Kisha nikaona meko haipo mahali pake. Begi halikuwa nyuma ya mlango. Jaketi lake la safari halikuwepo kwenye msumari. Nikapiga simu, ikalia chumbani, chini ya mto.

Nilishuka zile ngazi kama msichana. Yule mama wa mboga alisema alimwona akipita na begi, amevaa jaketi, akamsalimia vizuri hata akamuuliza bei ya sukuma. Hakujua alielekea wapi. Nikaenda steji ya matatu ya Spine Road, nikauliza manamba, nikauliza wachuuzi. Wengine walimwona, wengine walidhani nauliza mtu mwingine. Nilikuwa nikitazama kila gari lililokuja kutoka kando, nikifikiria jinsi yeye asivyoweza kuliona. Nikampigia binti yetu, akasema anakuja. Jua lilikuwa linaanza kushuka.

Simu iliyokuja haikuwa na namba ninayoijua. Alikuwa dereva mmoja aliyesafiri na mume wangu miaka mingi, malori yao yakifuatana. Alikula kwetu mara nyingi.

"Shemeji, usiogope," akasema. "Mzee yuko na mimi hapa Mlolongo. Amekuwa hapa tangu mchana. Amesalimia lori hadi lori, tumekunywa chai, ametupikia. Lakini mimi lazima niondoke, na yeye anasema atarudi nyumbani mwenyewe. Shemeji, mimi naona hawezi. Giza likiingia hawezi. Na hataki kusema."

Nikamwambia binti yetu akae nyumbani angoje, nikaenda Mlolongo peke yangu.

Miaka yote ile nilikuwa nikilisikia jina la Mlolongo kwenye simu na kukimbilia kuku, lakini sikuwahi kukanyaga mahali malori yanapolala. Nilipita kati ya matairi yaliyonizidi kimo. Wanaume walikuwa wanapika chini ya trela, wengine wananyoa, mmoja anaanika soksi kwenye kioo cha pembeni. Rafiki yake alinipokea, akanionyesha lori lake kwa kidole.

"Yuko juu. Panda tu, shemeji."

Kwenye ndoa yetu yote sikuwa nimepanda lori. Kampuni ilikataza abiria, na yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria. Nilishika chuma, nikatafuta pa kuweka mguu, rinda likanizuia. Sauti yake ikatoka juu.

"Si hapo. Shika juu zaidi. Mguu wa kushoto kwanza."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono magotini, haikugusa usukani. Nikakaa upande wa pili. Nyuma yetu kulikuwa na kitanda chembamba na pazia, na kila kitu kilikuwa mahali pake: kikombe kwenye ndoano, tochi, mfuko wa chumvi, Biblia ndogo imebanwa pembeni isianguke. Kulinuka dizeli, sabuni na kitunguu. Alinyoosha mkono bila kutazama akachukua kikombe, akanimiminia chai.

"Hili si lori langu," akasema, "lakini vitu vinakaa pale pale."

Nikanywa. Nikatazama jinsi mkono wake ulivyokuwa umetulia. Nyumbani ulikuwa hautulii.

"Ulikuwa unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Sikuwa naenda."

"Ulichukua begi."

"Mtu hatoki bila begi."

 Lori lililokuwa mbele yetu likawashwa, likatetemesha kioo chetu, likaondoka, na pale lilipokuwa tukaona barabara.

"Nikifungua mlango unashtuka," akasema. "Nimekuwa nikikutazama. Mabega yako yanapanda."

"Sikuogopi."

"Najua huniogopi. Ungekuwa unaniogopa ningejua nifanye nini." Akageuza uso wote ili anione, maana sasa hakuweza kunitupia jicho tu. "Ni kama nimeingia nyumba ya mtu."

Nilitaka kukataa. Maneno ya kukataa yalikuwa tayari. Lakini nilikuwa nimechoka kutembea, wiki na wiki, na pale juu hapakuwa na mahali pa kwenda.

"Kazi ya kukusubiri naijua," nikamwambia. "Nimeifanya miaka mingi, naijua vizuri. Kukaa na wewe ndiyo siijui. Sijafundishwa. Wewe ukiwa ndani sijui nikae wapi, sijui nifikirie nini. Nilizoea kukufikiria ukiwa mbali."

 Nilidhani nimemuumiza.

"Hata mimi," akasema. "Mimi nilizoea kufika. Kufika ni kazi rahisi, mama. Unapiga simu tu, unakuta kuku."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, puani. Kisha akatazama mbele.

"Unajua kinachoniuma? Si macho. Katikati bado naona. Kinachoniuma ni kwamba sikujua ile safari ni ya mwisho. Nilipita Voi nikiwa nafikiria tairi. Nilipita pale Emali tunaponunua machungwa, sikusimama, nikasema nitasimama nikirudi."

 Niliweka mkono wangu juu ya wake, pale gotini. Taa zilianza kuwaka barabarani na kwenye hoteli za ng'ambo. Akageuza uso kutoka taa moja hadi nyingine.

"Kuna jambo sijakuambia," akasema. "Giza likiingia sioni kitu."

"Kitu kabisa?"

"Taa naziona. Kati ya taa na taa hakuna kitu."

Hapo nikaelewa kwa nini siku ile alipanda polepole ngazi zetu, ambazo hata mchana zina giza. Nikaelewa kwa nini jioni hakutaka kushuka hata dukani, kwa nini alinikemea nikichelewa kuwasha taa. Alikuwa amebeba jambo hilo peke yake, ndani ya vyumba viwili, kando yangu, na mimi nilikuwa natembea Donholm nikitazama viti vya watu.

Tulishuka. Nilitangulia mimi, naye akafuata nikimwelekeza mguu, kushoto, kulia, bado kidogo, sasa ardhi. Alikataa kushikwa mkono. Nikamwambia aweke mkono wake begani kwangu, kama vile anatembea tu nyuma ya mke wake kwenye umati. Hilo alilikubali. Tukapita kati ya matairi hivyo, yeye akiagana na watu kwa sauti, bila mtu kujua, au kama walijua hawakuonyesha.

Binti yetu alikuwa ametupikia. Alimkumbatia baba yake, kisha akatukalisha sote wawili kama watoto waliogombana shuleni. "Mimi nawaambia ukweli," akasema. "Nyinyi hamjui kukaa pamoja mchana kutwa, na si lazima mjue leo. Achaneni kidogo kila siku. Mzee atoke, Mum abaki. Kuna ubaya gani?"

Baba yake akasema anafikiri mtoto huyu amekuwa mkubwa kupita kiasi. Lakini kesho yake alitoka.

Karibu na steji kuna kibanda cha fundi wa viatu ambapo wanaume hucheza drafti tangu asubuhi. Nilimpeleka mpaka pale, bega langu mbele, nikamwacha. Ubao wa drafti ni mdogo. Unaingia wote ndani ya lile bomba lake, kete zote, hakuna kinachojificha pembeni. Mchana aliporudi, ameongozana na mzee mmoja wa jengo la jirani, alikuwa ameshindwa michezo yote na amekasirika vizuri, kama mtu aliyetoka kazini.

Sisemi kwamba mambo yalinyooka. Siku nyingine alikataa kwenda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake, na hakuna neno lililomtoa pale. Kuna asubuhi nilipokuwa nikimdondoshea dawa, yeye amelala chali na mimi nimeinama juu yake, akaniuliza kama nadhani katikati nako kutaenda. Nikamwambia sijui. Tone likaingia, akafumba jicho, na maji yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko tone lile. Nilimpangusa kwa kona ya leso nikaendelea na jicho la pili.

Asubuhi nilikuwa na nyumba yangu. Si yote, kwa sababu sasa kulikuwa na meko mbili na godoro la lori nyuma ya kabati, lakini ilinitosha kushona mshono ulionyooka. Vitu vyeusi vya nyumbani nilivishonea ukingo mweupe ili avione: kitambaa cha meza, pazia la mlango, kifuniko cha kiti. Nikamwomba keateka, mtunza jengo letu, akapaka rangi nyeupe ukingo wa kila ngazi, na watoto wa jengo zima wakawa wanaruka wakizihesabu. Chakula cha mchana akawa anapika yeye. Anapika vizuri, kwa sufuria moja, kila kitu ndani, na hataki nikoroge. Jioni mimi nanywa chai yangu nikiwa nimesimama. Aliniuliza mara moja mbona sikai. Nikamwambia ndivyo ninavyopenda. Hakuniuliza tena.

Bado hujikuta nahangaika. Kuna siku napanda kwenye paa kuanua nguo na nikimaliza kuanua sishuki. Nasimama kati ya kamba, natazama majengo mpaka macho yanachoka, na moyo unaniambia nenda, bila kuniambia wapi. Yeye anajua niko kule, na haniiti. Kwenye kikundi cha maombi waliniuliza hitaji langu sasa ni lipi, kwa kuwa lile la zamani limejibiwa. Nikawaambia waniombee nijue kukaa. Walitazamana. Lakini waliomba, tena kwa sauti.

Mwezi wa Agosti mpwa wake aliolewa Bungoma. Binti yetu alitukatia tiketi za basi la asubuhi, viti viwili pamoja, na yeye mwenyewe akasema atafuata wikendi. Nilimpa mume wangu kiti cha dirishani. Hakuwahi kusafiri njia ile akiwa abiria tangu ashike usukani. Tukitoka mjini tu mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu. Kabla dereva hajashika breki, yeye ameshashika. Dereva akilipita lori, mume wangu alivuta pumzi kwa meno. Kwenye mteremko wa bonde alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka abiria aliyekuwa pale akageuka kutazama.

"Anaendesha vibaya?" nikamnong'oneza.

"Anaendesha vizuri," akasema. "Hilo ndilo baya."

Niliweka mkono wangu juu ya goti lake la kulia. Goti lilikuwa likiruka, likaendelea kuruka chini ya mkono wangu, na sikuuondoa. Baada ya Nakuru likaacha. Nilipogeuka alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kumwona akilala mchana.

Nikabaki macho. Nilitazama ile barabara niliyoichukia miaka yote, kwa mara ya kwanza bila kuogopa itamfanya nini mtu wangu. Watu walikuwa wanauza viazi kando yake. Malori yalipanda mlima taratibu, moja nyuma ya lingine, na katika kila lori niliona mwanamume amekaa peke yake na kikombe chake kwenye ndoano. Kulikuwa na misitu, kukawa na mashamba ya chai, kukawa na mvua nyembamba iliyopita upande mmoja tu wa basi.

Akaamka. Akageuza uso kunitafuta, akanipata.

"Tumefika wapi?"

Nilichungulia nje. Hakukuwa na kibao chochote. "Sijui," nikamwambia. "Naona mahindi, na ng'ombe, na kanisa la mabati."

Akafikiri. Nilidhani ataniambia ni wapi, lakini hakusema.

"Basi endelea kuangalia," akasema, akafumba macho tena.